Mrejesho: sauti kukatika kati ya studio na mtambo wa kurushia

Wakuu, habari za leo. Niliuliza kuhusu redio yetu ya jamii: studio iko mjini, mtambo wa FM uko mlimani, tunaunganisha kwa intaneti ya simu na sauti inakatika kila usiku. Asanteni, imetulia.

Antena haina kosa. Mfumo tulioukuta ulituma MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, na ikifika saa mbili usiku mtandao umeelemewa, haipiti. Sasa tunatuma Opus, njia nyingine ya kubana sauti, ya kilobiti 128; mimi sisikii tofauti. Kule mlimani Raspberry Pi, kompyuta ndogo, inalimbikiza sekunde 4 za sauti kabla ya kuipeleka kwenye mtambo, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo msikilizaji hajui. Aliyeshauri laini mbili za mitandao tofauti, Mungu akubariki. Zote zikikata, hiyo Pi inapiga muziki kutoka kwenye flashi.

Kilichobaki ni watangazaji. Walizoea kujisikiliza hewani. Sasa sauti inarudi imechelewa, wanajikwaa maneno. Hedifoni tumezihamishia kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti hapo studio, wajisikie kabla sauti haijatumwa. Mmoja bado ananung'unika, eti atajuaje kama yuko hewani? Nimempa mlinzi wa getini redio ndogo. Matangazo yakikatika, agonge dirisha.