Ushauri: kugeuza faili la CSV kuwa jedwali la maandishi kwenye terminali

Mkulima_Kongwa:
Wakuu, habari za jioni. Niko Kibaigwa, natunza kumbukumbu za chama chetu cha msingi cha wakulima wa alizeti: jina, kijiji, simu, kilo, malipo. Zote ziko kwenye faili la CSV (maandishi ambayo safu zake zinatenganishwa kwa mikato). Kabla ya malipo, orodha inabandikwa ukutani na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp ili kila mwanachama ajihakiki. Kompyuta ni ya zamani, ina Ubuntu (mfumo wa Linux), na lahajedwali hufunguka kwa kusuasua, ndiyo maana natumia amri hii ya kupanga safu kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

`column -s, -t alizeti.csv`

Shida ni kwamba asiye na simu, kilo zake zinahamia safu ya simu. Na kijiji kilichoandikwa "Pandambili, Kongwa" kinakatwa vipande viwili. Hizi ni pesa za watu, siwezi kubandika orodha ya namna hiyo. Nifanyeje?

Fundi_Chamwino:
Mkuu, `column` haisomi CSV, inaona mikato tu. Alama za kunukuu haizitambui, na matoleo yake ya zamani yanahesabu mikato miwili iliyofuatana kuwa mmoja, hivyo nafasi tupu inamezwa. Ukijaza nafasi hizo kwa `sed` (amri ya kubadilisha maandishi), mkato wa Pandambili bado utakusumbua. Tafuta programu inayoielewa CSV yenyewe, kama csvkit; `csvlook` ni amri yake ya kuonyesha jedwali:

`sudo apt install csvkit`
`csvlook alizeti.csv`

BintiMpwapwa:
Hapo kwenye csvlook kuwa mwangalifu sana kaka. Inakisia aina ya data. Simu inayoanza na 0 itaichukua kama namba ya hesabu: sifuri inapotea, mikato ya maelfu inaongezeka. Andika `csvlook -I alizeti.csv`, kila kitu kitabaki kama ulivyokiandika.

Mkulima_Kongwa:
Asante sana dada, ya ukutani imenyooka. Ila nikiibandika WhatsApp safu zinapindapinda.

Mzee_wa_Bahi:
Ni kwa sababu herufi za WhatsApp hazina upana sawa. Tanguliza na umalizie jedwali kwa alama tatu za ` (kwa kibodi nyingi iko chini ya Esc). Kioo cha simu nacho ni chembamba, punguza safu. Tena namba za simu za wanachama usizimwage kundini, kijana wangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022. Mimi natumia Miller, programu nyingine inayosoma CSV (amri yake ni `mlr`):

`sudo apt install miller`
`mlr --icsv --opprint cut -o -f jina,kilo,malipo alizeti.csv`

Penye nafasi tupu inaweka kistari, kwa hiyo mtu anaona wazi kwamba hajaandikiwa kitu. Kabla hujabandika popote, piga na hii:

`mlr --icsv --opprint stats1 -a sum,count -f kilo alizeti.csv`

Itakupa jumla ya kilo na idadi ya walioandikiwa kilo. Zilinganishe na daftari la mzani. Zikitofautiana hata kwa kilo moja, usibandike.