Bastola ya Glock 19 au Beretta 92FS kwa kujilinda?

Sonara wa Darajani: Assalaam alaykum. Nikijaaliwa kupata kibali cha polisi, ambacho bado nakifuatilia, ningependa kujua ipi kati ya Glock 19 na Beretta 92FS inamfaa zaidi mtu anayefunga duka usiku.

Mzee wa Malindi: Waalaykum salaam, mwanangu. Zote mbili hutumia risasi za milimita 9, na magazini (kasha la risasi) ya kawaida hubeba 15, kwa hiyo tofauti iko kwingine. Beretta ina uzito wa karibu gramu 950, ilhali Glock, ambayo fremu yake ni ya polima (plastiki ngumu), ni takriban gramu 600. Beretta ina kitufe cha usalama cha mkono, na risasi ya kwanza huhitaji kuvuta triga kwa nguvu zaidi; Glock haina kitufe hicho, basi kidole kisiguse triga kabla ya wakati, na ala yake lazima iifunike triga yote.

Bi Mkubwa wa Wete: Na hewa yetu ya chumvi, je? Polima haishiki kutu, lakini mtutu ni chuma; usipoufuta na kuupaka mafuta mara kwa mara utaujutia. Nyumbani kwenye watoto, kabati la chuma linunuliwe kabla ya bastola.

Sonara wa Darajani: Ahsanteni. Nimeelemea Glock, ila kwanza kabati.