Kifundo cha mkono si koki ya bomba! Mwalimu wetu hapa Dodoma anatuvunja halafu anaita mafunzo

Wakuu, naandika kwa mkono wa kushoto, makosa ya herufi mnivumilie.

Jumamosi nilikuwa mazoezini, karate, ukumbi fulani huku Nkuhungu (jina silitaji, wenyewe mnajijua). Nina miezi miwili tu, mkanda bado mweupe pee. Mwalimu akaniita mbele aonyeshe kote gaeshi, ile ya kukunja kiganja cha mtu kwa nje mpaka aanguke. Hajanivuta, hajanisukuma, nimesimama kama mbuyu. Akadaka vidole, akasokota kwa mikono miwili kama anafunga koki inayovuja. Nikapiga paja mara mbili, ile ishara ya kuomba uachiwe. Nikapiga tena. Yeye kageukia darasa: "Mnaiona sura yake? Hapo ndipo imeingia."

Imeingia wapi? Imeingia kwenye mfupa!

Anayeijua kazi pale ni dada mmoja mwembamba wa mkanda wa kijani. Wiki iliyotangulia alinifanyia hiyo hiyo. Aliuleta mkono wangu karibu na kitovu chake, akarudi hatua moja, mwili wangu ukamfuata kabla sijajua. Dole gumba lake likakaa nyuma ya kiganja changu, akakikunja kunielekea mimi mwenyewe, taratibu. Nikajikuta niko kwenye mkeka na wala sijasikia maumivu, magoti yalishaniishia zamani. Mwalimu eti, "Hiyo haina nguvu." Haina nguvu na mimi niko chini?

Kuna watu viungo vyao laini, unakunja mpaka unachoka wewe, mwenzio anakutazama tu. Na mlevi chakari je, maumivu atayasikia saa ngapi? Mtu unamtoa kwanza kwenye miguu yake, kifundo kinafuata. Kwenye mashindano ya judo kukunja kifundo ni marufuku, wanaruhusu kiwiko tu. Jujitsu ya Kibrazili, mashindano ya shirikisho lao la kimataifa, IBJJF, mkanda mweupe haruhusiwi kuigusa hiyo kitu. Sasa hao wote waoga?

Hospitali, eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Daktari akabonyeza kile kishimo kinachojichora chini ya dole gumba ukilinyoosha, nikaruka. Kasema pale kuna kamfupa kanaitwa skafoidi, kakipasuka kanaweza kujificha siku za mwanzo, na damu inakafikia kwa shida, kwa hiyo kupona kwake ni mwendo wa kinyonga. Nimefungwa hogo, nirudi baada ya wiki mbili nipigwe nyingine.

Mimi ni bodaboda, wakuu. Mkono wa kulia ndio mafuta, ndio breki ya mbele. Pikipiki ni ya mkataba na tajiri anataka hesabu yake kila jioni, karate haimhusu.

Nikamtumia mwalimu meseji, sikutukana hata neno. Kajibu: "Pole kijana, hata sisi tulifundishwa hivyo hivyo. Ukipona njoo, ila ada ya mwezi huu hujamalizia."