Kuruti wetu amerudi nyumbani na ufa katika muundi: tumsaidieje bila kumharibia?

Mama Mdogo wa Langoni (Lamu)

Assalamu alaikum wanajamvi. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 20 ambaye nimemlea mwenyewe, aliandikishwa jeshini na kwenda bara kwa mafunzo ya awali. Katika wiki ya tisa alianza kusikia maumivu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, akanyamaza siku kumi kwa kuogopa kuitwa mvivu, mpaka asubuhi moja akashindwa kutia buti. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu; ya pili, iliyopigwa wiki mbili na nusu baadaye, ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Alipewa magongo, barua ya daktari na ruhusa ya wiki sita, na sasa tunaye nyumbani.

Mguu peke yake usingenisumbua hivi. Dada yangu ameshamwita mkandaji, naye ameahidi kuja na mafuta yake ya simsim na vipande vya mti vya kufungia. Babu yake, kila akishuka ngazi, humuuliza kama vita vimekwisha. Mzee anatania tu, lakini kijana huinamisha kichwa na kuacha kula. Juzi baada ya Alfajiri nilimkuta akirudi kutoka upande wa Shela bila magongo, fulana imerowa jasho. Nilipomuuliza alinijibu kwamba wenzake wanamwacha nyuma kila siku anayolala. Nataka kujua tumzuie vipi bila kumvunja moyo, na je, huo ukandaji una dhara?

Tabibu wa Viungo (Malindi)

Wa alaikum salaam, Mama. Nianze na mkandaji, kwa kuwa huenda yuko njiani. Kuchuliwa taratibu nyama za paja na za nyuma ya mguu hakuna ubaya, lakini kuubonyeza mfupa mahali penye ufa kunauchokoza, na kufunga vijiti kwa nguvu kunaweza kuzuia damu. Akija, mpeni kahawa na mumwombe aache muundi.

Sasa sababu ya ufa wenyewe, ambayo ningependa babu naye asomewe. Mfupa ni kitu hai. Ukipata mzigo mpya, kwanza huondoa sehemu zilizochoka, kisha hujenga nyingine imara zaidi. Lakini kuondoa huenda haraka na kujenga huenda polepole, kwa hiyo katika wiki za mwanzo za mafunzo kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku kijana alipotoka kwao. Kijana wa Lamu aliyezoea mchanga, ndara na mashua anapovishwa buti, akatwikwa begi na kukimbizwa kwenye ardhi ngumu kila siku, muundi wake hupokea mapigo ambayo haujawahi kuyapokea. Uvivu hauhusiki hapa, kwani mvivu hakimbii kiasi cha kupasua mfupa. Daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu miguu iliyovimba ya askari wa matembezi marefu mwaka 1855, miaka 40 kabla ya eksirei kugunduliwa. Na hiyo picha ya kwanza kutoonyesha kitu ni jambo la kawaida, kwa sababu ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani mpaka mfupa uanze kujiunga, yaani baada ya wiki mbili au tatu.

Ufa wa muundi kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi nane, na mingine zaidi, kabla ya kuanza kukimbia tena. Kipimo ni maumivu, wala kalenda haitoshi. Kwanza atembee ndani ya nyumba bila magongo na bila maumivu, kisha atembee kwa kasi nusu saa bila maumivu wakati huo wala usiku wake, na hapo ndipo aanze kukimbia dakika moja na kutembea mbili, siku moja akifanya na siku moja akipumzika. Maumivu yakirudi mahali palepale, anarudi hatua moja nyuma. Mchanga wa Shela aufute kabisa kwa sasa: mguu unazama na kupinda, na muundi unafanya kazi maradufu.

Asimeze dawa za maumivu ili aweze kufanya mazoezi, kwa sababu atakuwa amemziba mdomo mlinzi wake. Kama anavuta sigara, aache, maana sigara huchelewesha mfupa kuunga. Muguka nao, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hukata hamu ya chakula, na mfupa haujengwi na tumbo tupu. Tena, akisikia maumivu kwenye kinena au nyonga anapokanyaga, au nyama ya nyuma ya mguu ikivimba na kuwa ya moto, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mkufunzi Mstaafu (Malindi)

Mama, nimesimama mbele ya makuruti miaka mingi, na nitasema lile ambalo tabibu hawezi kulisema. Kuruti huficha maumivu kwa sababu anaamini sisi tunapenda anayeficha. Si kweli kwa mkufunzi mwenye akili. Anayekuja siku ya pili na kusema, «Afande, muundi unauma hapa nikigusa kwa kidole kimoja,» hupumzishwa siku chache. Anayekuja siku ya kumi huondoka na magongo. Mwambieni hivyo sasa, kabla hajarudi, kwa sababu hofu ileile itamngoja langoni.

La pili ni makaratasi. Barua ya daktari, picha zote mbili na tarehe ya kurejea ziwekwe mahali pamoja, na kila tiba atakayoipata huko Lamu iandikwe na kupigwa mhuri. Siku ya kurejea isipite. Kama mguu haujapona, daktari aandike na kambi ijulishwe kabla ya tarehe hiyo kufika, kwa maana kutokuwepo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012, na sheria haimuulizi mtu kama alikuwa na nia njema. Mkumbuke pia kwamba safari inaanza na boti hadi Mokowe na ndipo lifuate basi. Asiondoke siku ya mwisho.

La tatu mtanisamehe. Msimwahidi kwamba atarudi na kuendelea pale alipoachia. Huo ni uamuzi wa madaktari na wakuu wake, na huenda ukawa wa kumngojesha kundi jingine. Ahadi ya nyumbani ikivunjika kambini, kijana huumia mara mbili.

Nahodha wa Matondoni (Lamu)

Kijana huyu anataka kutoka jasho, na mkimnyima kabisa atatoroka tena alfajiri. Mpelekeni baharini. Avae jaketi la kuokolea, aingie kwenye maji ambayo miguu haigusi chini, na apige mbio humohumo akiwa wima. Mfupa haubebi kitu, lakini pumzi inakatika kama kawaida. Muwe na mtu kwenye mtumbwi kando yake, na mchague siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, maana katika bamvua, inapojaa na kupwa sana, mkondo wa mbele ya mji humchukua hata aliyezaliwa humo.

Tabibu wa Viungo (Malindi)

Shauri la Nahodha ni zuri kuliko nilivyotegemea kulipata hapa, na ndiyo namna wanariadha wanavyotunza pumzi. Ninaongeza sharti moja: aanze pale ambapo kutembea ndani ya nyumba hakumuumizi tena, na hatari kwa mguu iko kwenye ngazi za gati zenye utelezi, si kwenye maji. Ashikwe mkono.

Mama wa Kuruti wa Kike (Malindi)

Binti yangu alipata ufa kwenye mfupa wa unyayo katika mafunzo, na daktari alimuuliza swali ambalo sikulitegemea, kama hedhi yake ilikuwa imekatika. Ilikuwa imekatika miezi miwili. Alikuwa akila kidogo na kufanya kazi nyingi, na mwili ulikuwa umeanza kubana matumizi. Wenye mabinti walishike hilo.

Kwa kijana wako, Mama Mdogo, mlishe dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, maziwa au mtindi, mayai na samaki, na akae juani kidogo darini badala ya kujifungia chumbani. Tulielezwa kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwa makuruti wa kike wa jeshi la majini la Marekani, ambamo waliopewa miligramu 2000 za kalsiamu na uniti 800 za vitamini D kila siku kwa wiki nane walipata nyufa pungufu kwa asilimia 20. Ule ulikuwa wa kuzuia, lakini sisi tulipata sababu ya kusisitiza chakula bila kugombana. Kuhusu babu, sisi tulimpa wetu kazi: alikuwa mshika saa wa mazoezi, na mzaha ukaisha wenyewe.

Mama Mdogo wa Langoni (Lamu)

Mungu awalipe nyote. Mkandaji alikuja jana, akanywa kahawa, akachua mapaja na mabega, na kwa kweli alikuwa wa kwanza kusema kwamba muundi ule ulikuwa na joto. Makaratasi nimeyatia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti chake cha shule. Leo jioni nilimsomea babu jibu la tabibu, akanyamaza kitambo, kisha akauliza huyo Breithaupt alikuwa mtu wa wapi. Saa yake ya mkononi ameshaitoa sandukuni, ingawa kijana bado anachechemea kutoka chumbani hadi ukumbini, na nimemwambia mzee kwamba bahari itangoja.