Staa akiongea siasa watu wakiwa bado kwenye tope, anakosea?

Mleta mada, Kwa Mrombo, Arusha

Wakuu habari zenu. Ile klipu ya zamani ya rapa wa Marekani Kanye West imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu na watu wamegawanyika vibaya, nikaona niilete hapa tuijadili vizuri.

Kwa ambao hawaijui, Agosti 29, 2005 kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani, mji wa New Orleans karibu asilimia 80 ukawa chini ya maji, watu wakakaa juu ya mapaa wanasubiri kuokolewa na wengi wao weusi maskini ambao hata gari la kuondokea hawakuwa nalo. Septemba 2 runinga ya NBC ikarusha laivu kipindi cha kuchangisha, Kanye kasimama na mchekeshaji Mike Myers, akaacha maneno aliyoandikiwa asome akasema George Bush hajali watu weusi. Myers akaganda pale pale. Bush mwenyewe 2010, urais ameshaumaliza, bado alikuwa anasema ile ni moja ya nyakati zilizomuudhi kuliko zote.

Sasa wanaompinga wanasema pale palikuwa pa kuchangisha, watu wamekufa, siasa ya nini? Na kauli hiyo hiyo tunaambiwa na sisi kila maafa yakitokea, "jamani tusiingize siasa kwenye msiba".

Mimi naweka wazi kabisa, msanii aongee. Na aongee wakati huohuo, maana zikipita wiki tatu kamera zimeshaondoka na aliyebaki kwenye hema hana wa kumsikiliza.

Mvua inaletwa na Mungu, sawa, hilo sibishani na mtu. Ila New Orleans haikuzamishwa na upepo peke yake, zilibomoka kuta za kuzuia maji zilizojengwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, na 2006 wahandisi haohao wakakiri kwamba zilikuwa na kasoro tangu zinasanifiwa. Huku kwetu Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa alisema bungeni mvua za El Nino zimeshaua watu 155, na yeye mwenyewe akataja ukataji miti, kilimo kibovu na mifugo kuachiwa hovyo. Kwa hiyo hata serikali inakubali kuna mkono wa mtu. Mwezi huohuo hapa Muriet maji yalisomba gari la shule kwenye korongo, watoto wakafa, na kila mtu wa upande huu anajua lile korongo likijaa linakuwaje. Kuuliza kivuko cha maana kilikuwa wapi, hiyo ni kuingiza siasa kwenye msiba? Mi nadhani mzazi aliyezika angependa kuna mtu mwenye sauti kubwa amuulizie.

Halafu hebu tuwe wakweli. Mwaka wa uchaguzi staa anavaa sare ya chama, anaimba jina la mgombea uwanjani, na hapo hakuna anayemwambia abaki kwenye sanaa. Mwana FA leo ni mbunge wa Muheza na kapewa unaibu waziri, Sugu na Profesa Jay wamekaa bungeni, Nikki wa Pili chalii wetu wa hapa Arusha aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe 2021. Siasa na muziki wameshaoana siku nyingi tu. Inakuwaje siku ya kusifia inaruhusiwa na siku ya kuuliza inakuwa utovu wa adabu?

Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80, mtaani kwetu tulikusanya vitu. Sembe, mafuta, mablanketi, ndoo, nguo. Kwenye nguo humo tukatoa skuna za dhahabu na magauni ya send-off, kuna mama mmoja akawa anavitenga pembeni anasema kule mtu anahitaji buti na kanga kavu, sio hivi. Mzigo ulipofungwa akauliza, huu ukifika unapokelewa na nani, anausaini wapi? Hakuna aliyemjibu. Lile swali angeliuliza staa mwenye wafuasi milioni kadhaa lingejibiwa siku hiyohiyo, na ndo maana nasema wanatudai hiyo sauti... samahani, SISI ndo tunawadai.

Kitu kimoja tu simkubalii Kanye. Alisema habari za moyo wa Bush, na moyo wa mtu hakuna wa kuupima, kwa hiyo mjadala wote ukaenda kwenye Bush ni mbaguzi au sio mbaguzi, zile kuta watu wakazisahau.

Karibuni.

Mdau, Sakina, Arusha

Dada nakuheshimu ila hapa nakupinga. Watu wakishaona mchango umekuwa jukwaa la kurushiana maneno wanafunga pochi, anayeumia ni yule aliyelala nje. Staa ataongea laivu dakika kumi, atasifiwa, atarudi kwenye shoo zake, mtendaji wa kata ndo anabaki na wananchi wenye hasira. Hiyo Hanang unayoitaja, Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi akakatisha safari, serikali ikabeba gharama za mazishi, na nyumba zaidi ya 100 zimejengwa pale Waret. Hayo mbona hujaandika? Tope la mlima hakuna staa anayelielewa, waachieni wataalamu wa jiolojia waongee.

Mdau, Majengo, Moshi

Mi niko na mleta mada. Kaka wa Sakina, hilo la watu kufunga pochi angalia Uturuki. Tetemeko la Februari 6, 2023 kule, mwanamuziki Haluk Levent kupitia chama chake cha misaada cha Ahbap watu walimwaga pesa mpaka ikawa wanamwamini kuliko taasisi za umma, halafu ikaja kugundulika Hilali Nyekundu ya kule, yaani Msalaba Mwekundu wao, imewauzia mahema hao hao Ahbap wakati watu wanalala kwenye baridi. KUUZA mkuu, sio kugawa. Na wiki hizohizo mashabiki wa Fenerbahçe na Beşiktaş wakaimba uwanjani serikali ijiuzulu. Pochi hazikufungwa. Watu wanafunga pochi wakihisi hela inaliwa, wakiona kuna anayeuliza wanapata imani.

Mdau, Ngaramtoni

Mnawalaumu wasanii bure jamani. Nay wa Mitego 2017 alikamatwa kwa ajili ya wimbo tu, ikabidi mpaka Magufuli aseme aachiwe. Mtu ana familia, ana mkataba na kampuni, ana BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) juu yake. Nani atamlipia wakili?

Mleta mada, Kwa Mrombo, Arusha

Ngaramtoni umegusa penyewe na sina jibu jepesi. Simlazimishi mtu aende lokapu. Ila ninavyoona anayeenda peke yake ndo anakamatika kirahisi, wakitoka ishirini siku moja na swali moja ni kesi nyingine kabisa.

Kaka wa Sakina, nyumba za Waret nazikubali kwa moyo mweupe, na staa aliyeuliza mwanzoni alipaswa aende siku ya kukabidhi funguo aseme hadharani kwamba hapa pamefanyika. Hiyo nayo ni kuongea siasa na ninaitaka. Lakini na wewe umeiacha Kagera. Tetemeko la Septemba 10, 2016, nchi nzima ikachanga, hazijapita hata wiki tatu vigogo wa mkoa wakatumbuliwa na Rais wa wakati huo, Magufuli, kwa kufungua akaunti nyingine yenye jina kama ile ya maafa. Januari 2017 Rais akaenda Bukoba akawaambia watu serikali haikuleta tetemeko, wajijengee, michango itatengeneza shule na miundombinu ya umma. Inawezekana ulikuwa uamuzi sahihi, shule kweli zilianguka. Ila mtu aliyetoa elfu tano yake akijua inaenda kwenye bati la bibi fulani alistahili kuambiwa kabla hajatoa, na hakuna hata mmoja kati ya mastaa waliopiga picha na hundi ambaye mimi nilimsikia akiuliza hilo.

Sasa nachotaka ni kidogo sana. Masika ijayo yakitokea ya kutokea, staa akija na blanketi zake na kamera yake, kabla hajapanda gari amgeukie mkuu wa mkoa kwa heshima zote amwambie, mheshimiwa, akaunti hii anaisimamia nani na mpaka leo imeingia shilingi ngapi? Jiolojia haihitajiki hapo. Kaka wa Sakina nionyeshe kwenye hilo swali tusi liko wapi.