Kwa nini furu waliisha Ziwa Victoria na dagaa wakabaki?

Muuza Dagaa:
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha sita. Jana tunaanua dagaa akaniuliza: baba, sangara anakula furu na anakula dagaa, wote samaki wadogo tu, mbona furu waliisha na dagaa bado unawauza? Miaka 20 niko mwaloni Mwanza, nikabaki kutoa macho. Nisaidieni, Jumapili anarudi shule.

Mzee wa Ukerewe:
Huyo mnunulie soda. Miaka ya 1980 nilikuwa napasua sangara ufukweni na marehemu baba. Mwanzoni ukifungua tumbo unakuta furu tu, wamejaa mpaka kooni. Miaka michache baadaye furu hakuna, unakuta uduvi, dagaa na sangara wadogo. Kamaliza mboga, kageukia watoto wake!

Sangara aliletwa upande wa Uganda miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya muda mrefu, halafu akafumuka. Jibu la binti liko kwenye uzazi. Jike la furu hutaga mayai machache na kuyaatamia mdomoni. Ukimtoa wavuni anakutemea vitoto kiganjani, hivyo anayemla huyo mmoja kala nyumba nzima. Dagaa hana habari na malezi: anamwaga mayai majini anaondoka, na mwaka hauishi wanawe nao wanazaa.

Tena kuna furu waliokuwa wanagombea na dagaa vile vijidudu vinavyoelea majini. Walipoliwa, sahani ikabaki ya dagaa. Kwa hiyo sangara alimla dagaa, na papo hapo akamwondolea mshindani.

Kokoro Hapana:
Mzee, usimtwishe sangara yote. Miaka ya 1970 hapo Mwanza trola, zile meli za kukokota nyavu, zilikuwa zinazoa furu wakasagwe chakula cha mifugo. Sangara aliwakuta wameshapungua.

Mzee wa Ukerewe:
Kwa ghuba ya Mwanza nakubali. Lakini hata ambako trola hazikufika waliisha. Na tangu miaka ya 1990, sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu wakaanza kuonekana tena. Si wote, aina nyingi zimekwenda moja kwa moja.

Wa Kisumu:
Niongeze ya kwetu, maana majani nayo huliwa. Gugumaji lilifunga ziwa hapa hadi mashua hazitoki. Wakaleta wadudu waitwao fukusi, asili yao Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Mdudu mzima anakwaruza jani linabaki na madoa madoa, lakini kazi kubwa ni ya funza wake: anatoboa shina kwa ndani, maji yanaingia, gugu linaoza na kuzama. Mawimbi ya El Niño ya 1997/98 yalisaidia pia. Halikuisha, lakini tulipumua.

Muuza Dagaa:
Asanteni sana. Amesoma yote, sasa anauliza habari za ngege, yule samaki ambaye bibi yake anamsifia kila siku.

Mzee wa Ukerewe:
Nyavu zilikuwa zimeshamchosha, halafu akaletewa samaki mwingine, sato. Chakula cha ngege ni mwani. Sato anakula mwani, wadudu, hata samaki wadogo. Wakagombea mazalia, wengine wakachanganya damu. Ngege bado wapo Ziwa Kanyaboli, kule Siaya. Mimi mara ya mwisho kumla ilikuwa harusi ya dada yangu, na dada sasa ana wajukuu.