Ubuntu haitambui diski ya eSATA hadi niwashe kompyuta upya: naomba ushauri

Mhariri_TomMboya: Wakuu, hamjambo. Ninahariri video za harusi karibu na Barabara ya Tom Mboya, hapa Nairobi, na wateja huniletea diski za nje mchana kutwa. Natumia Ubuntu (mfumo wa Linux). Diski nikiichomeka kwenye tundu la eSATA (tundu la SATA la diski za nje) kabla ya kuwasha kompyuta, inaonekana vizuri. Nikiichomeka mashine ikiwa tayari imewaka, taa inawaka na diski inasikika ikizunguka, lakini lsblk (amri ya kuorodhesha diski) haionyeshi chochote kipya. Nalazimika kukatiza kazi na kuwasha upya, na hilo linanitia hofu kwa sababu harusi ya mtu hairekodiwi mara ya pili. Diski hizo hizo zinatambuliwa mara moja kupitia USB.

Fundi_Luthuli: Ndugu, kama USB inazisoma, diski zenyewe ni nzima. Fungua terminali, andika `sudo dmesg -w` ili uone ujumbe wa keneli (kiini cha mfumo) papo hapo, kisha uchomeke diski ukiwa unatazama. Ukiona maneno "SATA link up", keneli imeiona na tatizo liko kwenye udisks2 (huduma inayofungua diski) au mfumo wa faili. Pasipotokea mstari wowote, ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla mfumo haujawaka) uhakikishe kwamba kidhibiti cha SATA kiko katika hali ya AHCI wala si ile ya zamani ya IDE, kisha utafute chaguo la Hot Plug (kuchomeka mashine ikiwa imewaka) la tundu hilo, ambalo kwenye bodi nyingi huwa limezimwa. Kama una Windows kwenye mashine hiyo, usihame kutoka IDE kabla ya kuiandaa, kwani inaweza kukataa kuwaka.

Mhariri_TomMboya: Asante, mkuu. dmesg iko kimya kabisa. AHCI najua ipo, ila BIOS siwezi kuifungua hadi jioni kwa kuwa kuna video ndefu inayochakatwa. Hakuna njia ya kuvukia hadi hapo?

Mama_Seva: Ipo. Iamuru keneli ikague tundu upya:

`echo "- - -" | sudo tee /sys/class/scsi_host/host4/scan`

Vistari vitatu vinamaanisha chaneli zote, vifaa vyote na LUN (namba za sehemu ndani ya kifaa) zote. Namba ya host (tundu kama keneli inavyoliita) hutofautiana, kwa hiyo jaribu kila moja iliyomo katika saraka hiyo. Usiandike `sudo echo` ukifuatisha alama ya `>`, kwa sababu ruhusa ya sudo haifiki kwenye uandikaji wa faili. Soma pia `link_power_management_policy` (faili ya mpangilio wa umeme) ya host hiyo: ikiwa `min_power` au `med_power_with_dipm`, iweke `max_performance`, kwani uokoaji wa umeme unaweza kuzuia taarifa za uchomekaji.

Zaidi ya yote, ndugu yangu, usiichomoe ghafla diski yenye kazi ya mteja. Tumia `umount` (kuifunga diski) kwanza, kisha `echo 1 | sudo tee /sys/block/sdX/device/delete`, ukiweka jina halisi mahali pa sdX baada ya kulinganisha ukubwa wake katika lsblk.

Mhariri_TomMboya: host5 imeitikia na diski imetokea kama sdc, bila kukatiza video. Jioni nitawasha Hot Plug, kisha nitabandika hapa matokeo ya dmesg.